Ufa, Kivuli na Mwalimu Aliyenyamaza

Hivi wewe mtoto, ulikuwa wapi miaka yote hii? Wasomaji wengine mnisamehe, sogeeni pembeni kidogo nimshughulikie huyu kwanza, ndipo niwape barua yake. Binti huyu aliniandikia kwenye ukurasa huu huu alipokuwa mwanafunzi. Alikuwa analia. Alitaka kuacha chuo kwa sababu hesabu zilimshinda na wenzake walikuwa wanamcheka. Nikamwambia afute kamasi, arudi darasani, akae kiti cha mbele, na akishafaulu aje aniambie. Basi. Kimya. Hakuna salamu, hakuna "Bibi umeamkaje", hakuna hata kuuliza kama bado napumua au nimeshazikwa na ukurasa unaandikwa na mtu mwingine. Na mimi nilikuwa namkumbuka, ujue. Kila mkwe wangu alipofungua mfuko wa barua nilimuuliza, "Yule wa hesabu yumo?" Mkwe wangu ndiye anayenisomea na kuniandikia, maana mimi shule sikufika hata getini. Alikuwa akinijibu, "Hayumo, mama." Hayumo, hayumo, mpaka nikachoka kuuliza.

Jumatatu akafungua bahasha, akasoma mstari wa kwanza, akaachama.

"Mama! Yule wa hesabu!"

"Mwambie sipo."

"Mama, ni barua hii."

"Basi soma polepole, nimkasirikie vizuri."

Someni na ninyi. Sentensi zake ndefu nimeziacha zilivyo. Mkiishiwa pumzi, pumzikeni katikati.

*

Bibi yangu mpendwa, shikamoo. Sina uso wa kukuandikia baada ya kukutupa hivi, najua, lakini nimekwama, na kila nikifikiria nimwendee nani nakuona wewe tu umeshika kiuno, kwa hiyo naomba unisikilize kwanza halafu unigombeze utakavyo.

Kabla ya yote asante, maana nilirudi darasani kama ulivyoniambia, nikakaa kiti cha mbele, na aliyekuwa akifundisha mbele ya kiti kile ni mzee mmoja mrefu anayetembea akiinamia upande, kwa sababu vidole viwili vya mguu aliviacha kwenye baridi ya ncha ya kusini ya dunia alipokuwa kijana, na mzee huyo ndiye aliyegundua kwamba hesabu hazikunishinda ila nilikuwa naziogopa, akanichukua, akanipa meza kwenye pembe ya ofisi yake karibu na birika, akanifundisha kusoma picha zinazopigwa na setilaiti, na kila nilipompelekea picha swali lake la kwanza lilikuwa lile lile, "Jua lilikuwa wapi?", mpaka wenzangu wakawa wananitania nalo kwenye foleni ya chakula.

Kazi yangu, Bibi, ni barafu. Si hii ya kwenye friji. Kule ncha ya kusini kuna bara zima lililofunikwa na barafu, na pembezoni mwake barafu hiyo imejitandaza juu ya bahari, inaelea lakini bado imeshikana na ile ya nchi kavu, na kazi yake hiyo inayoelea ni kuizuia ile ya nyuma isiteremke baharini kwa haraka, kwa hiyo ikidhoofika ya nyuma inaanza kusukuma, na ya nyuma ikishaingia majini ndipo bahari inapopanda, hata huku kwetu ambako barafu tunaiona kwenye glasi tu. Mwalimu wangu alikwenda kule mwenyewe, wakatoboa mashimo, wakateremsha kamba kupima unene, shimo baada ya shimo, upepo ukiwachapa, akarudi akaandika kitabu kinachosomwa mpaka leo, na ndani yake alisema kwamba kipande kimoja kikubwa cha barafu ile inayoelea ni imara na kitatuzika sisi na wajukuu zetu. Mimi nimekaa ofisini na picha zangu nikaona kipande hicho hicho kinaliwa kutoka chini na maji ya uvuguvugu, kimekuwa chembamba kuliko alivyokikuta yeye, na nyufa zake zinarefuka.

Sasa, Bibi, sisi tuna desturi yetu kazini: makala kabla haijachapishwa, jarida huwapelekea wataalamu wawili watatu waihakiki kwa siri, wao wanajua ni ya nani lakini mwandishi hawajui wao, hatakiwi kuwatafuta na wao hawatakiwi kujitaja. Mmoja wa wahakiki wangu akanirudishia kurasa na kurasa za masahihisho. Ufa niliokuwa naujivunia kwa upana wake, akasema, sehemu kubwa yake ni kivuli: picha ilipigwa jua likiwa chini, ukingo wa ufa ukatupa kivuli kirefu, nami nikapima ufa na kivuli chake pamoja kama kitu kimoja. Hilo ni kosa la mwanafunzi mchanga. Nilimchukia mtu huyo, nilimwita mchawi mbele ya wenzangu, lakini nikarudi nikapima upya kwa picha za jua la juu, na kweli ufa ukapungua, ila jambo lenyewe, la barafu kuliwa kutoka chini, likasimama imara kuliko mwanzo. Na mwisho wa kurasa zake mchawi huyo alikuwa ameandika kwamba nikishasahihisha, makala ichapishwe bila kuchelewa kwa sababu watu wanahitaji kuijua.

Ilipochapishwa nikavamiwa. Wataalamu wa nchi nyingine wakaanza kuitaja, wengine kuipinga, wengine kuniomba vipimo vyangu wavikague, magazeti yakapiga simu, redio ikaniita, picha yangu ikaingia kwenye simu za watu, na sasa nikipita mtaani fundi viatu wa pale kona ananipigia kelele, "Dada Barafu! Tuhame lini?", nami nacheka na kupita. Nilifurahi, sitaki kukudanganya, miaka yote tunasema habari za barafu hii na hakuna anayegeuza shingo, leo wamegeuka. Lakini watu hawakutosheka na barafu, walitaka ugomvi. Mtangazaji mmoja alikifukua kitabu cha mwalimu, akausoma ule mstari hewani, akasema, "Binti kamwangusha mzee!" Akampigia mwalimu simu, mwalimu akamjibu, "Aliyoandika ni sahihi, sina la kuongeza," na kesho yake ikawa "Mzee asalimu amri!" Watu wakamtukana mtandaoni kwamba ametudanganya maisha yake yote. Mtu akachora katuni yake amekaa kwenye kiti juu ya barafu iliyopasuka, mguu wake umepindishwa, anasema "Haitavunjika", na katuni hiyo imebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kantini yetu, naiona kila nikienda kuchukua chai. Siku ya kwanza nilicheka na wenzangu kabla sijajishika. Sikuibandua.

Mwalimu mwenyewe hakunilaumu. Siku makala ilipotoka alinitumia ujumbe, "Hongera. Umepima vizuri." Nikamjibu kwa kile kidole gumba cha kwenye simu kwa sababu nilikuwa nakimbilia redioni, nikajisemea nitampigia jioni, jioni haikufika, na tangu hapo kila siku inayopita inaifanya ya kesho iwe ngumu zaidi.

Halafu juzi nikakutana na mke wake kwenye foleni ya duka la dawa. Nilitaka kujificha, akaniona.

"Mwanangu, mbona umekonda? Hawakulishi huko redioni?"

"Kazi tu, mama. Mwalimu hajambo?"

"Hajambo, anakungoja. Kila gari likisimama nje anasema labda ni wewe. Na mimi namwambia mwache mtoto, ana watu wengi sasa. Ungemwona alivyojifungia na lile andiko lako! Namwita aje kula, ananiambia subiri mama, mtoto kapima kivuli, nisipomwambia mimi watamchana huko nje..."

Akaziba mdomo kwa kiganja, macho yamemtoka.

"Mungu wangu. Sikusema kitu. Hukusikia kitu."

"Sikusikia, mama."

Dirishani wakamwita, akaenda kuchukua dawa zake za presha, na mimi nikatoka nje bila kununua nilichofuata.

Ndiye yeye, Bibi. Angeweza kuitupa makala yangu kwa kosa lile moja na kitabu chake kikabaki salama. Badala yake alinirekebisha, akaipitisha, na makala ile ile ndiyo inayomfanya azomewe. Nikisema hadharani nitakuwa nimevunja desturi, watu watasema mwalimu kampitisha mwanafunzi wake, japo mhariri wa jarida alijua tunavyojuana na wanaoijua barafu ile wanaenea meza moja, na mama wa watu atajulikana kuwa ndiye aliyeropoka. Nikinyamaza, aliyeniokoa anaendelea kutukanwa kwa ajili yangu. Na mwisho wa mwezi huu mtangazaji yule ameandaa mdahalo kwenye ukumbi wa chuo, mimi upande huu, mwalimu upande ule, wasikilizaji wapige simu kusema nani mshindi. Mwalimu amekubali kuja, sijui kwa nini. Mkuu wangu wa kazi anasema nisipokwenda nitaonekana nimeogopa. Sijui nishukuru vipi jambo ambalo sitakiwi kulijua. Nisaidie, Bibi.

Ni mimi, yule wa hesabu.

*

Haya, wewe wa hesabu. Nimekusikia, na nimekusikia mara mbili, maana ile sehemu ya barafu tulirudia. Mkwe wangu aliisoma nikamwambia sikuelewa, akasoma tena, akaniambia na yeye haelewi. Tukakaa. Halafu akasema, "Mama, si kama stoo yetu?"

Stoo yetu kitasa kilivunjika zamani. Ndani tumejaza kila kitu: ndoo, masufuria ya shughuli, godoro la wageni, baiskeli ya marehemu mume wangu, magunia. Vyote vimeegemea mlango. Kinachozuia ni jiwe moja nililoliweka kwa nje. Siku moja huyu mkwe wangu, kwa usafi wake, akalisogeza jiwe apige deki. Mama wee! Mlango ulifunguka wenyewe, vitu vikamiminika ukumbini, godoro likamfunika, mimi niko jikoni nasikia sauti kutoka chini ya godoro, "Mama, niko hai!" Jiwe lenyewe halikujaza ukumbi. Ukumbi ulijazwa na vilivyokuwa nyuma yake. Sasa nikaelewa mnaangalia nini huko. Mnaliangalia jiwe. Na mnatuambia kwamba jiwe linaliwa.

Basi nataka nianze kwa kukushukuru, kabla sijakuchapa. Mimi barafu hiyo sitaiona mpaka nife. Wengi tunaosoma ukurasa huu hatutaiona. Lakini kuna watu walioacha vidole vyao kule, na kuna watoto kama wewe mnaokodolea macho picha mpaka miwani inawavaa usoni, ili sisi tuliolala huku tujue kinachotusogelea. Na yule msichana aliyekuwa analia kwamba hesabu zimemshinda, leo ndiye anapima! Mkwe wangu aliposoma pale ulipofaulu nilimwambia anyamaze kwanza. Nikaenda uani nikazunguka kidogo. Nikarudi nikamwambia aendelee. Asante, mwanangu. Umenipa furaha iliyochelewa, lakini imefika ikiwa nzima.

Sasa njoo hapa.

Kidole gumba! Mtu kakupa meza, kakupa birika, kakupa macho yake, kakutumia neno la hongera siku ambayo jina lake linaporomoka, na wewe unampa kidole gumba! Mkwe wangu ilibidi anionyeshe kwenye simu kikoje. Nikakiangalia. Ndicho hicho? Hata punda ukimsukuma pembeni unamwambia neno. Wewe ni mtoto mwema, lakini una tabia moja mbaya, na leo nitakuambia kwa kuwa hakuna mwingine wa kukuambia. Ukisaidiwa unapotea. Mimi ulinipotea. Mwalimu umempotea. Si kwamba huna shukrani. Unazo, zimekujaa mpaka zinakutisha, unangoja upate maneno makubwa ya kufanana nazo, na ukingoja hivyo mtu anakaa dirishani anasikiliza magari. Shukrani hazihitaji kukomaa. Zilete mbichi.

Na nyingine. Miaka yote anakuuliza "Jua lilikuwa wapi?", halafu mtu asiyejulikana anakuandikia kwamba hukuangalia jua lilikuwa wapi, na wewe unasema huyu mchawi ni nani! Mimi ambaye sijui kusoma nilimjua kabla mkwe hajafika kwenye duka la dawa. Nilimwambia, "Ni yule mzee." Akaniambia, "Mama, acha nimalize."

Tuje kwenye siri. Unaniuliza umshukuru vipi kwa jambo usilotakiwa kulijua. Humshukuru. Funga mdomo. Nimeifikiria desturi yenu hiyo, mwanzoni nikaona ni ya watu wanaopenda kuviziana, kisha nikaelewa. Mnaficha jina ili mtu aseme ukweli bila kuogopa sura ya mtu na bila kutafuta asante. Mwalimu wako alikubali kazi isiyo na asante. Alijua hivyo alipoikalia. Chakula kilipoa akijua hivyo. Wewe ukisimama ukumbini ukamwaga, utakuwa umemvua nguo mbele za watu ukidhani unamvika. Na makala yenu, yako na yake, itaanza kunuka, na barafu itasahauliwa, watu wataanza kujadili nani mwanafunzi wa nani. Si ndicho anachokitaka yule mtangazaji?

Na yule mama! Mama wa watu amesimama kwenye foleni na presha yake, kaona mtoto wake wa hiari kakonda, mapenzi yakamponyoka mdomoni. Kakuambia hukusikia kitu, nawe ukasema hukusikia. Basi hukusikia. Umeshaahidi. Mimi mwenyewe siri hii nimeichapisha bila jina la mtu wala la mji wala la chuo, na alama nyingine za kuwatambulisha nimezigeuza, na atakayejitia kuchunguza ni nani nitamtaja yeye kwa jina wiki ijayo. Wengi humu mna ya kwenu ninayoyajua.

Ila sasa sikiliza, maana hapa ndipo ulipojikanyaga. Umeshika lile la gizani mpaka umesahau la mchana. Wewe mwenyewe umeandika, mkwe amenisomea, kwamba barafu imekuwa nyembamba "kuliko alivyokikuta yeye." Umejuaje? Nani alikuambia ilikuwa nene? Picha zako zimeiona ya leo. Ya zamani kaiona nani?

Mwaka jana niliugua. Jirani mgeni akaja kunijulia hali, akaniangalia, akasema, "Mbona Bibi yuko sawa tu, ana mwili wake." Mkwe wangu akamwambia, "Hapana dada, gauni hili mimi ndiye nilikuwa namfunga zipu, na lilikuwa halifungi." Wakanipeleka hospitali. Ningekuwa nimezungukwa na wageni watupu ningekwisha huku nasifiwa. Mwalimu wako ndiye aliyefunga zipu. Alisema barafu haitavunjika, hapo alikosea, au tuseme alisema kweli ya siku zile na maji yakabadilika. Lakini alipima. Kama asingetoboa yale mashimo kwa mikono yake na upepo ukimchapa, wewe leo ungekuwa na picha nzuri na hujui unaangalia mgonjwa au mzima. Hamkuangushana hata kidogo. Yeye kashika ncha moja ya kamba, wewe umeshika nyingine. Hilo halina siri. Hilo halivunji desturi ya mtu. Hilo ungeweza kulisema redioni siku ya kwanza kabla hata hujavua koti, na hukulisema.

Usilie. Hujachelewa. Fanya hivi.

Kesho asubuhi, kabla ya chai, nenda kantini ukabandue ile katuni. Usiibandue kwa kuvizia. Bandua watu wakiwa wamekaa. Mtu akikuuliza, mwambie, "Huyu ni mwalimu wangu." Usiongeze hotuba. Kama kuna wa kukucheka, acha acheke, wewe ulishawahi kuchekwa kwa hesabu na hukufa.

Kisha nenda kwa mwalimu. Si kwa simu, si kwa kidole. Nenda kwa miguu yako, na usiende baada ya mdahalo, nenda kabla. Unajiuliza kwa nini amekubali kuja ukumbini pale atukanwe. Mwanangu, kwa sababu hujaenda kumwona! Mtu akikukosa nyumbani anakufuata hadharani. Anakuja kukuona, basi. Huyo ataukubali hata mdahalo wa kupika ilimradi uwe umekaa upande wa pili. Ukifika, usianze na barafu. Mwambie pole, umenikosa, nimekosa. Kaa. Kunywa utakachopewa. Kisha mshukuru kwa meza, kwa birika, kwa swali lake la jua, kwa mashimo aliyotoboa. Yote unayoruhusiwa kuyajua, yataje moja moja, usiharakishe. Yatajaza chumba, na lile moja ambalo hukulitaja litakuwa limekaa humo humo katikati yenu, na atajua. Wazee si wajinga. Na kama mwenyewe ataamua kukuambia, "Unajua, yule mhakiki alikuwa mimi," basi fanya umeshangaa. Shangaa sana. Mimi nakupa ruhusa ya huo uongo, na mama yule akikutazama kutoka jikoni, wewe tazama dari.

Kuhusu mtangazaji. Mkuu wako asikutishe, utakwenda. Lakini mpigie kabla umwambie viti viwekwe upande mmoja. Atasema, "Sasa ugomvi utakuwa wapi?" Mwambie ugomvi upo, ni sisi na maji. Akikataa, siku hiyo inuka mwenyewe, beba kiti chako, nenda kakae karibu na mwalimu wako, watu wapige simu wamshindanishe na nani sasa? Na neno lako la kwanza kwenye kipaza sauti liwe hili: "Unene wa zamani aliupima huyu. Wa sasa nimepima mimi. Kinachopungua katikati ndiyo habari." Halafu mpe yeye kipaza sauti. Muulize alivyokuwa kule, ilikuwaje baridi ile, vidole vilikwendaje. Watu waliomtukana wataona aibu wenyewe bila wewe kumsuta mtu, na wasiopata aibu hao waachie Mungu wao. Wale wataalamu wa nchi nyingine wanaokupinga na kutaka kukagua vipimo vyako, wafungulie wakague. Umeshaona faida ya mtu kukukagua.

Na fundi viatu. Unacheka na kupita, eti "Tuhame lini?" Mwanangu, yule ametoka kwenye viatu vya watu, kasikia jambo lako redioni, amelikumbuka, amekuuliza. Mlilia miaka yote kwamba hakuna anayegeuza shingo. Huyo amegeuza! Simama. Vua hata kiatu umpe akishone, upate sababu ya kukaa. Mwambie haibomoki kesho, asibebe mizigo, lakini inaliwa, na wakubwa waulizwe wanafanya nini. Mwambie habari ya jiwe la stoo, nimekupa bure. Kusikilizwa na watu ni riziki kama riziki nyingine, inataka adabu, na huwa haikai.

Nimemaliza kukugombeza. Mkwe wangu anasema nimekuwa mkali, lakini ananiambia huku anajifuta macho na mkono wa gauni, kwa hiyo simsikilizi. Mshukuru mwalimu wako kwa niaba yangu pia. Mwambie kuna bibi mmoja ambaye hajui hata herufi ya jina lake, ameshukuru kwa vidole viwili.

Na safari hii sitaki barua. Nataka uje mwenyewe, na usije peke yako. Mlete mwalimu na mkewe. Njooni Jumapili yoyote mdahalo ukishapita, msipige hodi mlango wa mbele maana sisikii, zungukeni uani. Mwache mzee aingie kwanza, wewe nyuma yake. Yule mama akae karibu nami, tuna mengi ambayo hatukuyasikia. Na mkipita ukumbini mtaliona jiwe langu mbele ya stoo: msilisogeze. Najua kazi yenu, najua mtashindwa kujizuia. Basi kama lazima mlipime, lipimeni hapo hapo lilipo, mchana, jua likiwa utosini.